Kidonda cha Baba na Shahada Yangu

Shahada niliyosoma haimtibu mtu yeyote. Naliandika hilo mwanzoni kabisa kwa sababu mdomo wangu ulipotakiwa kulisema, ulikataa kwa karibu miaka mitatu. Nilisoma afya ya jamii. Tulifundishwa kwa nini kipindupindu huanzia mtaa huu na si ule, choo kichimbwe mbali kiasi gani na kisima, dodoso huandikwaje, watu hushawishiwaje wanawe mikono. Ni kazi ya maana, wala siidharau. Ila ukiniletea mtu anayevuja damu, nitafanya kile ambacho hata muuza vocha angefanya: nitaita bodaboda imkimbize hospitali.

Nilitaka udaktari, sina haja ya kuficha. Fizikia ilinigomea kidato cha sita, na majina yalipotoka nikajikuta kwenye kozi niliyoijaza chaguo la nne ili nafasi isibaki tupu. Nililia siku mbili. Siku ya tatu nilimsikia baba akiongea na simu sebuleni kwetu, Kibamba, akimweleza ndugu yake aliyeko Songea kwa sauti ya mtu anayetaka na majirani wasikie. "Kachaguliwa bwana! Anakwenda kusomea udaktari." Nilikuwa nimesimama koridoni, hatua nne kutoka alipokaa. Ningeweza kutokeza na kusema, hapana baba, si udaktari. Nilirudi chumbani nikajifuta uso, na kwa mara ya kwanza tangu majina yatoke nikajisikia nafuu.

Baba hakuwa mtu wa kutia chumvi. Alikuwa karani wa stoo kiwandani mpaka akastaafu, na maisha yake yote aliandika kilichopo, si anachotamani kiwepo. Lakini alikulia mahali ambapo kila anayegusa mambo ya afya anaitwa daktari. Anayegawa dawa zahanati ni daktari. Nesi akiwa mwanamume ni daktari. Muuza duka la dawa ni daktari, na anayechanja ng'ombe ni daktari pia. Hata yule bwana afya aliyepita akikagua vyoo na kuwatoza faini wasiokuwa navyo, aliamkiwa shikamoo daktari. Sasa binti yake wa mwisho, wa kwanza kuvuka kidato cha nne katika nyumba ile, kaenda chuo kikuu kusomea afya. Alitaka nini tena?

Mimi ndiye niliyejua tofauti. Ndiyo maana sina pa kumtupia mtu lawama, ingawa nimejaribu sana.

Mwaka wa kwanza tulikuwa na vipindi vya maabara, tukiangalia vijidudu vya maji machafu kwenye hadubini, na huko tulivaa makoti meupe. Nikapiga picha. Nikaituma nyumbani. Nilijua vizuri kabisa itasomwaje, na niliituma hivyohivyo, bila neno chini yake. Niliporudi likizo niliikuta ukutani sebuleni, imekuzwa, imetiwa fremu, iko juu ya televisheni ili mgeni asiwe na namna ya kuikwepa. Mama, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na si mtu wa kubabaishwa na picha, aliniuliza jikoni tukichambua mchicha, "Hivi hiyo kozi yenu ni miaka mingapi?"

"Mitatu, mama."

"Mitatu tu? Mtoto wa mwalimu mkuu wetu anasoma mitano, halafu tena mwaka mzima hospitali."

"Inategemea na chuo," nikamjibu. Alinitazama kidogo, akaendelea na mchicha.

Mwaka wa pili nilinunua kipimo cha presha kwa dada mmoja aliyekuwa anamaliza chuo na kuhama hosteli ya Mabibo. Tulikihitaji kwa mazoezi ya uwandani, kwa hiyo si kwamba nilikuwa na nia mbaya. Lakini nilikipeleka Kibamba. Ndani ya mwezi mmoja, kila Jumapili nikiwa nyumbani, watu wakitoka misa ya kwanza walipitia kwetu. Walikaa kwenye benchi la kibarazani, wamekunja mikono ya mashati na magauni yao ya kanisani, wanasubiri zamu. "Shikamoo daktari," ananiambia mzee ambaye ningepaswa mimi kumwamkia. Kwanza nilikuwa nikicheka na kumrudishia shikamoo yake haraka. Baadaye nikazoea. Nilijifunza kukunja uso kidogo namba zinapopanda, na kunyamaza kidogo kabla ya kusema punguza chumvi, mzee, na uende kituo cha afya. Ushauri wenyewe ulikuwa sahihi. Hilo ndilo lililonidanganya: sikuwa nimesema uongo hata mmoja. Nilikuwa nimekaa tu kwenye kiti ambacho si changu, na kiti kilikuwa kitamu.

Baba alikuwa hapimwi. Alisimama mlangoni akiwapanga watu. "Mmoja mmoja jamani, daktari ni mmoja."

Muhula wa mwisho wa mwaka wa tatu nilikwenda nyumbani Jumapili moja, nikamkuta kavaa soksi mguu mmoja, mchana, na joto lile. Nikamuuliza kulikoni. Akasema kakanyaga bati wakati anarekebisha banda la kuku, si kitu. Nikamvua soksi. Chini ya kidole gumba kulikuwa na kidonda cha ukubwa wa kifuniko cha soda, kingo zake zimekuwa nyeupe, katikati panavuja.

"Lini hii, baba?"

"Wiki iliyopita. Wala sikusikia. Niliona damu kwenye ndala ndiyo nikajua nimekatwa."

Mtu aliyesoma darasa moja na mimi hahitaji kuelezwa zaidi. Mtu akikatwa na bati asisikie, tena mzee, anayeamka usiku kila mara kwenda chooni na kumaliza jagi la maji kabla hakujapambazuka, kama baba, unamfikiria kisukari. Jambo hilo lilikuwa kwenye madaftari yangu, nimelipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Nikamwambia, "Baba, hii inaweza kuwa sukari. Kesho uende hospitali ukapime."

Akacheka. Hakuwa anabisha, alikuwa amefurahi. "Hospitali nikafanye nini na daktari ninaye hapa? Nipime wewe."

Majirani wawili walikuwa bado kibarazani wanamalizia habari zao. Mama alikuwa mlangoni. Wote waliniangalia. Palihitajika maneno matatu tu: mimi si daktari. Nimeyahesabu mara nyingi tangu siku ile. Nikamwambia, "Sijaja na kipimo cha sukari. Wiki ijayo nitakuja nacho. Kwa sasa osha na maji ya chumvi, ufunge kitambaa safi."

"Umeona?" baba akawaambia majirani. "Sie hatupangi foleni."

Wiki ile nilirudi chuoni nikatumbukia kwenye kazi ya uwandani. Mhadhiri wetu wa somo la tabia za watu katika kutafuta matibabu alitugawa kwenye mitaa ya Temeke, tuzunguke nyumba kwa nyumba na madodoso tukiuliza watu kwa nini wanachelewa kwenda hospitali. Alikuwa mwanamke mkali, hapendi majibu ya mkato. "Msiniandikie ujinga na umaskini," alituonya. "Kila mtu anaandika ujinga na umaskini. Niandikieni mtu alikuwa anamsubiri nani." Nilipenda sana sentensi ile. Niliinakili kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Swali la kumi na moja lilikuwa: tangu dalili ya kwanza ilipoonekana, zilipita siku ngapi kabla hujafika kituo cha afya? Nililiuliza swali hilo kwenye vibaraza, kwenye ngazi, mbele ya majiko ya mkaa, kwa sauti ile ya upole tuliyofundishwa. Mama mmoja Mbagala, mjane, alikuwa anakaanga mihogo. Mumewe alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa tumbo, baada ya kumeza kwa muda mrefu vidonge alivyopewa na muuza duka la dawa wa mtaa wao.

"Kwa nini hamkwenda hospitali mapema, mama?" nikauliza, kalamu tayari.

"Si tulimwamini yule kijana? Kila siku anamwambia njoo kesho nitakuletea dawa kali zaidi. Mtu akikwambia njoo kesho, wewe utakwenda wapi?" Akageuza mihogo. "Nyie wanachuo mnakujaga tu, mnaandika, mnaondoka. Huyo kijana hakuwahi kutuambia yeye hajui. Angesema hajui, sie tungetafuta anayejua. Andika hilo."

Nikaandika. Nakumbuka nilifurahi, Mungu anisamehe, kwa sababu niliona nimepata kiini cha insha yangu. Jioni nikapanda gari kurudi Mabibo nikiwa tayari naipanga kichwani, na haikunipitia hata mara moja kwamba yule mama alikuwa ametoka kunisema mimi.

Wikiendi ile sikwenda Kibamba. Kundi letu lilikuwa na wasilisho Jumatatu, na kipimo cha sukari nilichoahidiwa na mwenzangu wa darasa kilikuwa kimeazimwa na mtu mwingine. Nikapiga simu. Baba akasema kidonda kinaendelea vizuri, kinakauka. Baadaye mama alinieleza kwamba baba alikuwa anaongea huku mguu uko ndani ya beseni. Wikiendi iliyofuata nilikuwa naandika insha. Nilimtumia mama ujumbe kwamba nakuja Jumamosi inayofuata bila kukosa. Jumatano ya katikati mama alipiga mwenyewe, na mama si mtu wa kupiga simu saa za kazi.

"Mguu wa baba yako unatoa harufu," alisema. Nyuma yake nilisikia watoto wa darasa lake wakipiga kelele. "Mimi nimesema twende hospitali, hataki kabisa."

"Anasemaje?"

"Anasema daktari anakuja Jumamosi."

Hapo ndipo nilipopaswa kuacha kila kitu. Kutoka Mabibo hadi Kibamba si safari. Lakini insha ilitakiwa Ijumaa saa sita mchana, na ilikuwa imebaki sehemu ya mapendekezo. Nikamwambia mama abadilishe kitambaa mara mbili kwa siku, nami nitafika. Nikaandika mapendekezo. Nilipendekeza wanafamilia wahamasishwe kutambua dalili za hatari mapema na kuchukua hatua mara moja. Ni sentensi nzuri. Nikiisoma leo natamani kuilarua kwa meno.

Jumamosi nilifika na kipimo mkononi. Harufu niliikutia mlangoni. Baba alikuwa kitandani, amevaa shati safi kunisubiri, macho yameingia ndani. Kidole gumba kilikuwa cheusi na weusi umepanda mpaka katikati ya unyayo. Kipimo hakikutoa namba. Kilitoa herufi tu za kusema sukari imezidi uwezo wake wa kuhesabu. Baba alinitazama kwa utulivu wa mtu ambaye hatimaye amefikiwa na msaada.

"Haya daktari," akasema. "Tunaanza na nini?"

Nikamwita mama, nikaita gari.

Katika hospitali tuliyopelekwa tulipokelewa na daktari kijana, wa umri wangu hasa, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alifungua kitambaa, akainama kukitazama kidonda. Kisha akauliza, kwa ile sauti ambayo haipandi lakini unajua umekamatwa, "Nani alikuwa anahudumia hiki kidonda nyumbani?"

Baba alikuwa na homa, lakini alijiinua kwenye kiwiko. "Huyu hapa," akasema, na alikuwa anatabasamu. "Binti yangu. Daktari mwenzako."

Yule kijana alinigeukia. Niliona anafanya hesabu za haraka: mwenzangu huyu ni wa chuo gani, kaachaje mguu ukafika huku. "Uko mwaka wa ngapi?" akaniuliza.

"Wa tatu."

"Wa tatu wa nini?"

Hakukuwa tena na mlango wa kutorokea. "Nasoma afya ya jamii," nikasema.

"Aa." Alisema hivyo tu, hakuwa na muda wa kunidharau. Akaanza kuandika. Baba alinitazama, akamtazama yeye, akanitazama tena.

"Si ndiyo udaktari huo huo?" akauliza.

"Hapana, baba."

"Ila unakuja kuwa daktari baadaye."

"Hapana, baba. Siyo njia hiyo."

Sikuwahi kumwona baba akishindwa kuelewa jambo. Alikuwa mtu wa kuelewa haraka na kuendelea. Safari hii alilala chali akaangalia dari, midomo yake ikicheza kidogo kama anarudia kusoma karatasi ndefu tangu juu. Mama alikuwa amesimama upande wa miguu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Ungesema, mwanangu," akatoka kwenda kutafuta maji ya kunywa.

Walimkata mguu siku mbili baadaye, chini ya goti. Yule daktari alinieleza kwenye korido, bila ukali wowote, kwamba angefika wiki ile ya kwanza huenda wangesafisha, wampe dawa na aondoke kwa miguu yake miwili. Sikuwa nimemuuliza. Nafikiri aliniambia kwa sababu alidhani mtu wa fani yangu atapenda kujua. Wakati baba bado wodini, matokeo ya insha yalitoka. Nilipata A. Mhadhiri aliandika pembeni kwa wino wa kijani kwamba nimeonyesha uelewa wa nadra wa namna imani kwa mtu asiye na ujuzi inavyochelewesha matibabu. Akaomba ruhusa aitumie kuwafundishia wa mwaka unaofuata. Nilimpa ruhusa. Sijui kama bado anaitumia, na sina ujasiri wa kwenda kuuliza.

Nilimaliza, nikavaa joho. Baba hakuja; hakuwa bado amezoea magongo, na mimi sikumsihi. Sasa nina shahada na ninajitolea kwenye mradi mmoja Temeke, nagawa vipeperushi na kuwaeleza watu wawahi hospitali. Nawaeleza vizuri. Watu wananiita daktari, na siku hizi nawasahihisha papo hapo, kwa ukali usio na sababu, mpaka wanashangaa wamenikosea nini. Nina hasira na lile jina. Nina hasira na chuo kilichonipa A. Nilikuwa na hasira hata na baba, kwa jinsi alivyoniamini kirahisi, na hiyo ndiyo hasira inayonitia aibu kuliko zote.

Ila jambo lililonimaliza lilitokea kabla ya hayo, wiki ya pili baada ya baba kutoka hospitali. Jumuiya yetu ndogo ndogo ya kanisani ilikuja kusali nyumbani kumwombea mgonjwa, kama ilivyo desturi. Walijaa sebuleni, wengine wakakaa chini kwenye mkeka. Ni walewale wa presha za Jumapili. Hakuna aliyejua lililosemwa hospitalini. Mama hakusema, na mimi ndiyo kabisa. Mwenyekiti wa jumuiya, mama mmoja mkubwa mwenye sauti nzuri, aliuliza kama kuna yeyote mwenye nia ya kuombea kabla hawajaanza.

Baba akanyoosha mkono. Alikuwa kwenye kiti chake, shuka limefunika mapaja, upande mmoja limeanguka tambarare pale ambapo mguu haupo.

"Mimi nina nia," akasema. "Nyie wote niliwaambia binti yangu ni daktari. Nimewaambia humu ndani, nimewaambia kanisani, nimewaita mje mpimwe. Si kweli. Anasoma mambo ya afya, lakini si daktari. Nimewaongopea. Kama kuna aliyeacha kwenda hospitali kwa maneno yangu, naomba anisamehe, na kesho aende."

Watu wakaguna, wakaangalia mkeka. Mwenyekiti akasema si kitu mzee, ulighafilika tu. Baba akatikisa kichwa. Alitaka ieleweke sawasawa, kama alivyotaka vitabu vyake vya stoo vieleweke.

"Na mtoto msimlaumu," akasema. "Yeye hakuwahi kuniambia kuwa ni daktari. Hata siku moja."

Wakanigeukia wote, kwa huruma. Mama peke yake hakugeuka. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa koridoni, na nilikuwa na muda wa kutosha kabisa. Mwenyekiti aliningoja kidogo, akaona sina neno, akafumba macho. Akamwombea mzee wetu, Mungu amsamehe uongo wake. Wote wakaitikia ee Bwana, twakuomba utusikie, na mimi nikaitikia pamoja nao.